Tutembee Bukavu kwa Miguu

Mazungumzo ya redio juu ya amani na historia ya mji wetu

Nawasalimu ninyi mlio majumbani, ninyi mlio sokoni na redio ndogo kando ya mizani, na zaidi ninyi mnaoisikiliza redio hii katika nyumba isiyo yenu, kwa jamaa, katika darasa la shule au katika chumba cha kanisa, kwa sababu vita viliwatoa kwenu. Nawasalimu pia wakubwa wa kartie, wa avenyu na wa nyumba kumi. Leo nina maneno kwenu hasa, na nawaomba msizime redio kabla sijamaliza.

Siku zilizopita mama mmoja alikuja kutuona. Alikimbia na watoto wake kutoka upande wa Kalehe. Katika avenyu anapokaa walikuwa wakiandika majina ya watu wa kupewa unga na sabuni. Alipofika mbele ya meza, yule aliyeshika daftari alimwuliza: "Wewe, mama, ni wa hapa tangu lini?" Mama akajibu: tangu miezi mitano. Yule bwana akafunga daftari, akamwambia kwamba orodha ile ni ya wenye mji.

Sitataja avenyu ile. Sikuja kumwaibisha mtu. Lakini neno lile, wenye mji, lilinikaa rohoni siku nyingi. Wenye mji wa Bukavu ni nani? Nimeona njia nzuri ya kujibu ni kuvaa viatu na kutembea. Basi leo tutatembea pamoja, mimi kwa maneno, ninyi kwa masikio, toka ziwani mpaka kwenye daraja la Ruzizi. Sitafuata mstari mmoja, nitarukaruka kidogo, mtanisamehe.

Katika miji ya zamani ya Ulaya hiyo ni kazi ya watu kupata chakula. Kule Salzburg, katika nchi ya Austria, wageni huongozwa kwa miguu toka kanisa kuu mpaka nyumba alimozaliwa Mozart, yule fundi wa muziki, mwaka 1756. Wanapiga picha, wanakunywa kahawa, wanarudi kwao. Si wote wanaokumbuka kwamba kuba ya kanisa lile ilibomolewa na bomu mwaka 1944, nayo ikamalizika kutengenezwa mwaka 1959 tu. Wala si wote wanaojua kwamba baada ya vita ile mji ulikuwa na kambi za wakimbizi, watu maelfu kwa maelfu wenye lugha nyingi, waliokuwa hawana pa kurudi. Leo tutapita kwenye mazuri na kwenye makovu pia.

Tuanze chini, kwenye Beach Muhanzi, asubuhi mapema. Mitumbwi na mashua zinafika kutoka Idjwi na Kalehe na mananasi, mikungu ya ndizi, magunia ya makala na maharagwe. Wabeba mizigo wanapiga kelele, akina mama wanagombea mabeseni ya sambaza. Ninyi mnaokaa karibu na maji mnazijua taa za wavuvi usiku. Zinaonekana kama mji mwingine juu ya ziwa, na nyimbo zao zinafika mpaka kitandani.

Sasa niambieni, kuna kitu gani cha Bukavu kuliko sambaza? Mtoto wa Bukavu akiwa Kinshasa, akiwa Ulaya, ukimpelekea mfuko wa sambaza wakavu atalia. Lakini sambaza si mzaliwa wa ziwa hili. Kivu lilikuwa ziwa maskini wa samaki, aina zake zilikuwa chache, na kule katikati penye kina kirefu hapakuwa na samaki wa kula vile vijidudu vinavyoelea majini. Mwisho wa miaka ya 1950 wataalamu wa serikali ya kikoloni walikwenda kuchukua samaki wadogo katika Ziwa Tanganyika, wakawaleta wakiwa hai, wakawatia humu. Walileta wa aina mbili. Aina moja ilikufa yote. Ya pili ikaishi, ikazaa, ikaenea ziwa zima mpaka upande wa Rwanda. Ikapita tena miaka kama 20 kabla watu hawajajifunza vizuri kumvua kwa taa na wavu mkubwa. Kuna wazee wengi mjini ambao umri wao ni mkubwa kuliko umri wa sambaza katika Kivu. Sijasikia mtu yeyote sokoni akimwuliza sambaza ni wa hapa tangu lini.

Tupande sasa kidogo, tuingie Nyalukemba, katika komini ya Ibanda. Jina hili ni la mtu. Kabla ya Wabeleji nchi hii ilikuwa sehemu ya Bushi, na mwisho wa karne ya 19, walipofika wafanya biashara waswahili toka Maniema na nyuma yao Wazungu, aliyetawala hapa alikuwa Nyalukemba. Na jina la Bukavu lenyewe, wazee wanafundisha kwamba limetoka katika neno la Mashi, nkafu, maana yake ng'ombe. Hapa palikuwa mahali pa ng'ombe. Mpaka leo kuna kartie ya Nkafu katika Kadutu, ingawa huko siku hizi utaona nyumba juu ya nyumba, na ng'ombe utamwona kwenye duka la nyama tu.

Haki ya Bushi juu ya historia ya vilima hivi siifuti, na asiwepo mtu wa kusema kwamba nimeifuta. Anayefika kwa mtu hubisha hodi. Lakini tuone kilichofuata. Mwaka 1901 Wabeleji waliweka posti yao hapa. Mwaka 1927 mji ukabatizwa Costermansville, kwa ukumbusho wa Paul Costermans, makamu wa gavana mkuu wa zamani zile Kongo ilipokuwa mali ya Mfalme Léopold wa Pili. Costermans alikufa Boma mwaka 1905. Tangu mwaka 1933 mji huo ukawa makao makuu ya jimbo zima. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ndipo jina la Bukavu lilirudi mahali pake. Basi jina la mji wetu nalo lilifukuzwa nyumbani miaka zaidi ya 20, likarudi.

Na mpaka? Mpaka ulichorwa Brussels mwaka 1910, Wabeleji, Wajerumani na Waingereza wakiwa wamekaa mezani. Kisiwa cha Idjwi kikapewa Wabeleji, na mto Ruzizi ukafanywa mwisho wa nchi. Watu waliokuwa wakivuka mto ule kwenda kuoa, kununua mbuzi na kuzika wakwe zao, siku moja wakaambiwa kwamba ng'ambo ni nchi nyingine. Hata lugha hii ninayosema nanyi sasa hivi ilikuja hapa kwa miguu, kwa vinywa vya wafanya biashara na askari, kutoka mashariki na kutoka Maniema. Leo Mushi na Murega, Muhavu na Mubembe, Mufuliru na Munyamulenge wanagombana kwa Kiswahili na wanapatana kwa Kiswahili.

Twende kwenye avenyu Lumumba, barabara kubwa ya mji. Ninyi mnaokuja toka vijijini, msipite mbio mkiangalia pikipiki peke yake. Inueni macho. Angalieni nyumba zile za zamani zenye kona za mviringo, balkoni ndefu kama za meli, kuta zilizochorwa mistari. Angalieni Hôtel Résidence. Hiyo ndiyo mitindo iliyopendwa Ulaya kati ya vita viwili vya dunia, na Wabeleji waliileta hapa kwa sababu walitaka Bukavu iwe mji wao wa kupumzika: mita karibu 1,500 juu ya bahari, hewa baridi, ziwa lisilo na mamba, rasi tano zinazoingia majini kama vidole vya mkono. Juu ya vilima walipanda kahawa, chai na kwinkwina, ule mti ulioletwa toka asili yake Amerika ya Kusini, ambao gamba lake linatoa dawa ya malaria. Ni mgeni mwingine huyo, tena amewaponya watoto wetu wengi.

Mawe ya nyumba zile hayakupanda yenyewe. Yalibebwa na watu wa vilima hivi na wa mbali, na wengi wao hawakuitwa kwa hiari. Walipomaliza kujenga, hawakuruhusiwa kulala humo. Kama katika miji mingine ya Kongo wakati ule, mtu mweusi aliyeonekana usiku katika mji wa Wazungu alipaswa kuonyesha karatasi. Jioni fundi wa matofali, boi na mpishi walipanda kurudi Kadutu. Tukumbuke basi kwamba wa kwanza kusema mji huu una wenyewe, na kwamba wengine ni wa kuja kufanya kazi na kuondoka, hakuwa Mushi wala Murega.

Barabara hii imeona mengi. Agosti 1964 waasi tunaowaita Wamulele, waliokuwa wamekwisha kushika Uvira toka mwezi wa tano, waliingia mpaka ndani ya mji. Jeshi la Kanali Léonard Mulamba likawarudisha. Miaka mitatu baadaye mambo yalikuwa mabaya zaidi. Agosti 1967 Jean Schramme, Mbeleji mwenye shamba aliyegeuka mwanajeshi wa kukodiwa, aliuteka mji pamoja na Wazungu wenzake na askari Wakatanga. Walikaa karibu miezi mitatu. Mabomu yalianguka, nyumba zikachomwa, maduka yakabaki matupu. Mwanzo wa Novemba walivuka Ruzizi wakaingia Rwanda, wakaacha mji ukiwa magofu, na watu wake wametawanyika vijijini.

Nilipokuwa nikimweleza habari hizi yule mama wa Kalehe, alininyamazisha kwa mkono. Akasema: "Mama yangu alizaliwa Kadutu. Alitoka hapa akiwa mgongoni, katika vita vile vya Schramme. Ndiyo maana sisi tukawa watu wa Kalehe." Nikamwuliza kama alimweleza hayo yule mwenye daftari. Akacheka. Hakuulizwa.

Upande mmoja wa barabara hii kuna Place de l'Indépendance. Kila mtu anapita pale, wengi mara nne kwa siku. Tarehe 27 Februari 2025, siku chache baada ya M23 kuingia mjini, palikuwa na mkutano mkubwa pale, na ulipokuwa ukimalizika mabomu yalilipuka katikati ya watu. Zaidi ya watu 10 walikufa, wengine wengi wakaumia. Sitaongeza neno hapo. Tusimame kidogo, halafu tuendelee.

Kadutu siwezi kuieleza yote; soko lake peke yake lingetaka mazungumzo ya juma zima. Nitasema mambo mawili tu. La kwanza: Wabeleji walipopanga mitaa ya watu weusi katika miji ya Kongo, waliiweka kwa sheria nje ya utawala wa mila. Maana yake, aliyejenga humo hakujenga chini ya mwami wake. Alikuwa mtu wa mji, awe ametoka Kabare, Walungu, Shabunda, Fizi au Kasongo. Miaka ya 1950 wakajenga na Bagira, nyumba za safu kwa safu, kwa mpango huohuo. Basi mashefu wa avenyu ambao mnatafuta mwenyeji wa asili katika Kadutu na Bagira, mtachoka. Babu zenu walifika na godoro kichwani, kama huyu mnayemwuliza leo.

La pili ni uwanja wa mpira, Stade de la Concorde. Concorde maana yake ni mapatano, na moja ya timu kubwa za mji inaitwa Muungano. Mimi ni mtu wa Dawa, hilo nalikiri mbele ya wote. Mtakumbuka lakini kwamba siku ya Dawa na Muungano mapatano hayaonekani sana.

Karibu na hapo kuna kambi ya askari, kambi ya Saio, na kuna avenyu Saio pia. Nimewauliza vijana wengi Saio ni nini. Wanasema ni jina la Mzungu. Hapana. Saio ni mji wa Ethiopia. Mwaka 1941 askari wa Kongo walitembea na kusafiri kupita Sudan wakaenda kupigana na Waitalia kule, na mwezi wa saba mwaka ule jenerali wa Waitalia akajitoa mikononi mwao. Hao ni wakulima wa Kongo waliokufa kwa baridi, kwa njaa na kwa risasi mbali kabisa na kwao, katika vita ambavyo hawakuvianzisha. Tunalo jina lao kwenye kibao, habari yao tumeipoteza.

Sasa twende Nyawera. Hapa naomba tutembee polepole.

Oktoba 1996 mji ulikuwa umejaa hofu. Tangu mwezi wa saba 1994 wakimbizi wa Rwanda walikuwa wamevuka kwa mamia ya maelfu, wakajaa barabarani, katika viwanja vya shule na makanisa, halafu katika kambi kama Inera, Kashusha na Panzi. Ni wakati huo, Agosti 1994, redio moja ilianzishwa hapa Bukavu kwa ajili yao na kwa ajili yetu, iliyoitwa Agatashya, maana yake kwa Kinyarwanda ni mbayuwayu mdogo. Sisi tunaofanya kazi mbele ya mikrofoni tunaikumbuka kama mkubwa wetu. Ilinyamaza wakati ule ule wa Oktoba 1996.

Askofu mkuu wetu, Christophe Munzihirwa, alizaliwa Walungu mwaka 1926. Alikuwa Mjesuiti, na kabla ya kuwa hapa alikuwa askofu wa Kasongo. Alikuwa akiandika barua na kusema wazi: akiwatetea wakimbizi waliotaka kurudi kwao kwa usalama, akiwakemea wanajeshi walioiba, akiiomba dunia iangalie. Vita vilipokaribia wakubwa wengi walikwisha kukimbia. Yeye alikaa. Jioni ya tarehe 29 Oktoba gari lake lilisimamishwa hapa Nyawera, naye akauawa, na watu aliokuwa nao hawakupona. Mwili wake ulilala barabarani. Sasa amezikwa kwenye kanisa kuu la Bikira Maria wa Amani, lile lenye kuba, ambalo mtu akitoka ziwani analiona toka mbali.

Siku zile mimi nilikuwa njiani kuelekea Walungu na watu wa nyumba yangu. Tulilala kwa mzee mmoja ambaye hatukumjua. Hakuniuliza kabila, wala dini, wala nitakaa siku ngapi. Aliuliza watoto wamekula nini. Majuma mawili tulikuwa humo, na nakumbuka kwamba mke wake alitandika mkeka wao sebuleni akatuachia kitanda. Sikuwahi kulipa deni lile. Mzee alikufa kabla sijarudi kumwona. Nayasema haya kwa sababu katika miaka ile, na tena mwaka 2004, kulikuwa pia na majirani waliofichwa chini ya vitanda hapa mjini kwa ajili ya sura yao na lugha yao, na wengine hawakupata wa kuwaficha. Hayo nayo ni historia ya mji huu, na anayepita Nyawera hawezi kuchagua nusu yake.

Kaburi jingine katika kanisa kuu ni la Emmanuel Kataliko, na habari yake ndiyo iliyonifanya nitengeneze mazungumzo haya. Kataliko hakuwa mtu wa Kivu ya Kusini. Alikuwa Munande, na toka 1966 alikuwa askofu wa Butembo-Beni. Mwaka 1997 aliletwa hapa kushika nafasi ya Munzihirwa. Wako waliosema chini chini: huyu si wetu, hajui Mashi. Noeli ya 1999 aliandika ujumbe mkali juu ya mateso ya watu chini ya vita. Tarehe 12 Februari 2000 wakubwa wa RCD, waliotawala mji wakati ule, wakamkataza kuingia Bukavu, wakamrudisha Butembo.

Fikirini adhabu ile. Walimrudisha kwao. Walimpeleka kwa watu wake, kwenye lugha yake, mahali alipokuwa askofu miaka 30. Nao Wabukavu walifanya nini? Walifunga maduka, walifunga shule, wakanyamazisha kengele. Mji mzima ulisema kwamba huyu Munande ni wetu, mrudisheni. Ilichukua miezi saba. Tarehe 14 Septemba 2000 alirudi, na watu walijaa barabarani. Hakukaa. Tarehe 4 Oktoba, akiwa safarini karibu na Roma, moyo wake ulisimama. Mwili wake ukaletwa kuzikwa Bukavu. Kama kungekuwa na daftari la wenye mji mwaka ule, sijui nani angethubutu kumfuta.

Panzi tutaigusa tu, kwa kuwa ni mbali kwa miguu na jua limepanda. Mnajua hospitali ile na mnamjua Daktari Denis Mukwege, mzaliwa wa Bukavu, aliyepewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018 pamoja na Nadia Murad wa Irak. Lakini mnajua kwa nini ipo Panzi? Mukwege alikuwa mganga mkuu huko Lemera. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya Lemera ilishambuliwa, wagonjwa na waganga wakauawa. Ile ya Panzi alianza nayo mwaka 1999, pamoja na kanisa lake la CEPAC. Hospitali tunayoijivunia mbele ya dunia nayo ilikimbia vita, ikapata kiwanja hapa.

Tunateremka sasa kuelekea Ruzizi. Lakini kabla ya daraja, neno langu kwa wakubwa. Mwaka 1998 Umoja wa Mataifa ulitoa kanuni juu ya watu waliohamishwa na vita ndani ya nchi yao wenyewe. Ya kwanza kabisa inasema kwamba mtu huyo ana haki zilezile alizo nazo mwananchi mwingine, wala asibaguliwe kwa sababu amekimbia. Shefu wa avenyu hana sheria nyingine ya kuweka juu ya hiyo. Daftari la msaada wa vita linauliza nani ana shida. Najua ninyi pia mna njaa, najua wenyeji wanaopokea watu kumi katika vyumba viwili wameishiwa, nao wanastahili kuandikwa, tena wengi wao hawaandikwi. Hilo tulipigie kelele pamoja. Lakini asiondolewe mmoja ili mwingine aingie kwa kuwa alifika kabla yake.

Hili ndilo daraja. Mwaka 1994 watu walilipita kuja huku. Mwaka 1967, 1996, 2004 na Februari 2025 watu walilipita kwenda kule, na kila mara wengi wao walirudi. Kila asubuhi akina mama wanalipita na mabeseni, nyanya zikija huku, vitenge vikienda kule, na wanajua bei ya pande zote mbili kuliko waziri yeyote. Chini kidogo kuna bwawa la Ruzizi la kwanza, lililoanza kutoa umeme mwisho wa miaka ya 1950. Chini zaidi kuna la pili, la mwaka 1989, ambalo Zaire, Rwanda na Burundi walilijenga kwa pamoja, na kampuni yake ni ya nchi zote tatu. Vita vyote hivi nilivyowatajia vilipita juu yake. Taa inapowaka kwako Cimpunda, mara nyingi moto wake umetoka katika mto huu wa mpakani.

Na maji yenyewe, wapenzi wasikilizaji, hayakuwa yakipita hapa. Wataalamu wa ardhi wanatueleza kwamba zamani sana maji ya upande huu yalikwenda kaskazini, kuelekea Ziwa Edward na mto Nil. Halafu milima ya moto ya Virunga ikainuka, ikafunga njia. Maji yakapanda, yakapanda, yakawa ziwa kubwa la kina, na yapata miaka 10,000 iliyopita yakapata upenyo hapa kusini, tunaposimama sasa, yakateremka kwenda Tanganyika.

Mama wa Kalehe ameniomba nitangaze kwamba anamtafuta dada wa mama yake, aliyebaki Kadutu upande wa Nyamugo baada ya vita vya 1967 na ambaye alikuwa akiuza mafuta ya mawese sokoni. Aliye na habari afike hapa kwenye redio, tutamwelekeza. Juma lijalo, saa ileile, tutakwenda Bagira.